Seva ishike daftari, wateja wabebe mzigo

Tuseme seva yako ina faili la GB 1 na kompyuta 1,000 zinalitaka kwa wakati mmoja. Njia yake ya intaneti ni gigabiti 1 kwa sekunde. Mzigo wote ni gigabiti 8,000, yaani zaidi ya saa mbili njia ikiwa imejaa pomoni. Sasa ruhusu kila kompyuta iwagawie wenzake vipande ilivyokwisha kupokea, kwa megabiti 10 tu kwa sekunde. Zote kwa pamoja zinaongeza gigabiti 10, na kwa hesabu ya karatasini kazi ileile inamalizika kwa dakika 12 hivi.

Hapo wengi hukimbilia kusema seva imepitwa na wakati. Sikubali. Kuna jambo moja ambalo seva pekee ndiyo ifanye: kushika daftari. Nani yuko hewani, nani ana kipande gani, toleo lipi ni halali. Hata BitTorrent, mfumo wa kugawiana mafaili alioanzisha Bram Cohen mwaka 2001, ilitegemea seva ya kuwakutanisha wanaogawiana.

Suala la kuaminiana huamuliwa kwenye daftari hilo hilo. Programu huchukua kwanza kutoka kwa seva orodha ya alama za SHA-256 (namba ndefu zinazokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe), moja kwa kila kipande. Kipande kikifika kutoka kwa yeyote, alama yake inakokotolewa upya na kulinganishwa. Biti moja ikigeuka tu, alama inatoka tofauti kabisa, nacho kinatupwa na kuombwa kwingine. Zamani niliweka alama moja tu kwa faili zima. Kipande kimoja kibovu kilikuwa kinagundulika mwishoni, na GB nzima inapakuliwa upya. Sikurudia tena.

Kinachosumbua zaidi ni ruta. Kompyuta nyingi zimejificha nyuma ya ruta, kifaa kinachoziunganisha na intaneti, na ruta haipokei pakiti (kifurushi kidogo cha data) ambayo hakuna aliyeitarajia. Basi kompyuta mbili, A na B, kila mmoja anaizungumzisha seva ya STUN, ambayo inamwambia anwani na poti (namba ya mlango) anayoonekana nayo huko nje. Seva ya daftari inawabadilishia anwani hizo, kisha wote wawili wanarushiana pakiti za UDP, zinazotumwa bila kufungua muunganisho kwanza, kwa wakati mmoja. Pakiti ya kwanza ya A huenda ikakataliwa na ruta ya B, lakini tayari imeiambia ruta ya A kwamba majibu ya B yanatarajiwa. Pakiti ya B inapita. Mlango umefunguka kutoka ndani! Vivinjari hufanya hivi kupitia WebRTC, teknolojia yao ya kuwasiliana moja kwa moja.

Zipo ruta zinazobadilisha poti kwa kila unayewasiliana naye, na hapo ujanja huu hukwama. Inabidi mazungumzo yapitie seva ya TURN, inayopokea data ya kila upande na kuipeleka kwa mwingine, na gharama inarudi kwako. Kwa faili, ni afadhali kipande kiombwe moja kwa moja kwa seva kuu baada ya sekunde chache za kusubiri.

Salio, nywila na oda zibaki kwa seva. Ni data ndogo, na hakuna faida ya kuzisambaza. Spotify nayo iliacha kugawana nyimbo kati ya wateja mwaka 2014, seva zake zilipokuwa zinatosha kwa kazi hiyo.

Tena, anayegawa anatumia bando lake na betri yake, na anwani yake ya IP inaonekana kwa wenzake. Kwa hiyo katika programu zangu kugawa vipande kumezimwa kwenye data ya simu hadi mwenye simu mwenyewe akuwashe.