Maana ya nyaraka na msimbo kuhitilafiana

Hitilafu kati ya nyaraka na msimbo chanzo (maagizo ya programu kama yalivyoandikwa na watunzi wake) ni hali ambayo maelezo ya programu yanasema jambo moja na programu yenyewe inatenda jingine. Katika programu za kisayansi, maelezo hayo ni pamoja na mwongozo wa mtumiaji, ufafanuzi ulioandikwa ndani ya msimbo na fomula iliyochapishwa kwenye makala ya utafiti. Maana yake ni hiyo tu, na nisingeendelea kama neno hili lisingekuwa linatumiwa kila mara kwa programu iliyogoma kufunguka au kwa mwongozo ambao haujakamilika.

Matangazo ya hitilafu ya umeme na habari za ndege zilizorudi uwanjani kwa hitilafu za kimitambo zimetuzoesha kulichukua neno hili kama jina jingine la ubovu. Asili yake, hata hivyo, ni ikhtilaf ya Kiarabu, yaani kutofautiana au kutokubaliana, na maana hiyo ingali hai katika Kiswahili kila tunaposema kwamba masheikh wamehitilafiana kuhusu mwandamo wa mwezi. Kosa huweza kuwa la mmoja, lakini kuhitilafiana kunahitaji wawili, na kunapotokea hatujui bado ni nani aliye sahihi mpaka tutafute ushahidi nje ya kauli zao.

Maana hiyo ya kale ndiyo tunayoihitaji hapa. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999, na wengi husimulia kwamba mtu alisahau kubadili vipimo. Kilichotokea kilikuwa hitilafu kwa maana yake kamili: waraka wa makubaliano ulitaka msukumo wa injini ndogo uandikwe kwa nyutoni-sekunde, ilhali programu ya ardhini ilikuwa ikiuandika kwa paundi-sekunde, kipimo ambacho ni kikubwa takriban mara 4.45. Programu haikukwama wala kutoa onyo, na waraka haukuwa na dosari. Wataalamu wa njia ya chombo walisoma namba zile kwa kuuamini waraka, na uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba chombo kilipita kilomita 57 hivi juu ya Mirihi, badala ya kilomita 226 zilizotarajiwa.

Kwa sababu hiyo siwezi kuafiki kauli ya watunzi wengi wa programu kwamba panapotokea hitilafu, msimbo ndio wenye haki. Msimbo unatuambia kilichotendwa, jambo ambalo ni tofauti na kilichopaswa kutendwa, na mtafiti anayeeleza mbinu yake katika makala huwa amezinukuu nyaraka. Hakimu hapa ni mlinganyo wenyewe, au jaribio dogo ambalo jibu lake linajulikana tangu mwanzo. Mara nyingine jaribio hilo litaonyesha kwamba msimbo ulisahihishwa zamani na ni mwongozo uliobaki nyuma.

Nimesikia pia NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ikilaumiwa kuwa na hitilafu kwa sababu mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika) wa 2, 4 na 6 inautoa kuwa 1.633, ilhali R, lugha ya programu ya takwimu, inatoa 2. Ya kwanza inagawanya kwa idadi yote ya data, ya pili kwa idadi hiyo ikipunguzwa moja, na kila moja imeeleza hivyo katika mwongozo wake. Programu hizo mbili zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe, lakini hakuna iliyohitilafiana na nyaraka zake.

Anayesema "nyaraka zina hitilafu" hajavunja Kiswahili, maana matumizi hayo yamekwisha kukubalika. Ningemwomba tu, anapoandika taarifa kwa watunzi wa programu, aseme kwamba nyaraka na msimbo vimehitilafiana, kisha ataje kila upande unasema nini.