Macho Makubwa na Nywele za Samawati: Dhana Potofu Kuhusu Wanasesere wa Anime

Mtu mzima akiweka mwanasesere wa anime, yaani wa mtindo wa katuni za Kijapani, kwenye kabati la kioo, wageni hawakosi la kusema. Kitu cha kitoto hicho. Plastiki ya bei ya bure. Sura zao si ni moja tu? Maneno haya husemwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajawahi kumshika hata mmoja mkononi wakamgeuza chini ya taa. Ukimgeuza hivyo, utaona kwamba karibu kila kinachoonekana kuwa kioja ni uamuzi wa mtu aliyekaa akakifikiria. Ukishaujua uamuzi ule, mambo mengine nayo hufunguka: kwa nini feki hujulikana, bei inatoka wapi, na kwa nini joto ni adui.

Kwanza tutenganishe vitu, maana vyote huitwa kwa jina moja. Kuna sanamu zisizosogea, zilizofungwa kwenye kitako, za plastiki za PVC na ABS. Nyingi huja kwa skeli ya 1/8 au 1/7. Hatsune Miku, mwimbaji wa kubuni, msichana wa mikia miwili mirefu ya nywele, amepangiwa kimo cha sentimita 158, kwa hiyo kwenye skeli ya 1/8 anasimama karibu sentimita 20. Kuna Nendoroid za Good Smile Company, kampuni ya Kijapani, zilizoanza 2006: hizi hazifuati skeli, zote ni za sentimita 10 hivi, kichwa kikubwa na mwili mdogo. Kuna figma, za tangu 2008, zenye viungo vya kukunja. Halafu kuna wanasesere hasa, wa kuvishwa nguo, kuvalishwa wigi na kubadilishwa macho. Super Dollfie ya Volks, kampuni ya Kyoto, ilitoka 1999: mwili ni wa resini ngumu, na viungo vyake vya duara hushikwa na lastiki inayopita ndani kuanzia kichwani hadi miguuni. Dollfie Dream ya kampuni hiyohiyo ilifuata 2003, ikiwa na ngozi ya vinili laini juu ya kiunzi cha ndani na uso wa anime kabisa.

“Macho makubwa ni kuiga Wazungu”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inawanyang’anya Wajapani kazi ya mikono yao.

Ni kweli kwamba Osamu Tezuka, mchoraji aliyeathiri manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) yote ya baada ya vita, alizipenda filamu za Walt Disney na hakuficha. Lakini alichokipenda humo ni macho ya katuni, yakiwemo ya wanyama. Hakuna binadamu wa Ulaya wala wa Marekani mwenye macho kama yale. Na kabla ya Tezuka kujulikana, alikuwepo Junichi Nakahara, aliyezaliwa 1913. Huyu alianza kama mtengenezaji wa wanasesere. Mwaka 1932, akiwa bado kijana mdogo, alionyesha wanasesere wake Ginza, Tokyo, na baadaye akawa mchoraji wa jarida la wasichana la Shojo no Tomo. Wasichana wake walikuwa na macho makubwa yenye kope nzito na mtazamo wa mbali, na wachoraji wa manga za wasichana waliokuja baadaye walirithi hapo. Wanasesere wake walikuwa wa mtindo ulioitwa wa Kifaransa, kwa hiyo simkatalii anayesema Ulaya imo ndani. Ninachokataa ni kusema kwamba ule ni uso wa Mzungu uliopakwa rangi. Macho yale yalitoka kwa mwanasesere, yakaingia kwenye karatasi ya jarida, na miongo kadhaa baadaye yakarudi kwa mwanasesere. Njia hiyo ni ya Kijapani, na inavutia kuliko hadithi ya kuiga.

Sasa lisogelee jicho lenyewe. Kwenye sanamu nzuri, mstari wa kope ya juu ni mnene na mweusi, wa chini ni mwembamba au haupo kabisa. Duara la rangi ni refu kuliko lilivyo pana. Juu ni rangi nzito, chini inafifia na kuwa angavu, kana kwamba mwanga umeingia kutoka juu na kutua chini. Kisha kuna doa jeupe la mng’aro. Doa hilo halisababishwi na taa ya chumbani, limechapwa. Jicho zima huchapwa kwa pedi laini inayobeba wino na kuubonyeza juu ya uso uliopinda, rangi moja baada ya nyingine. Rangi moja ikisogea kidogo tu, mwanasesere anakuwa makengeza.

Dollfie Dream hufanya jambo jingine. Jicho lake ni kipande cha akriliki kinachowekwa kutokea ndani ya kichwa, na mchoro wa mboni umezama nyuma ya tabaka angavu. Ndiyo sababu ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia, yeye anaendelea kukutazama. Mafundi walikusudia hivyo tangu mwanzo, na mimi nakihesabu kuwa kitu kizuri kuliko vyote katika sanaa hii.

“Mchongaji ananakili picha tu”

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Picha ya anime inadanganya, na uongo wake hujulikana siku mtu anapojaribu kuuchonga. Ukimtazama mhusika kutoka mbele, pua ni nukta, au haipo. Akigeuka upande, pua inachomoza ghafla. Mdomo, anapochorwa kwa pembeni, mara nyingi unahamia shavuni mahali ambapo hakuna mdomo wa kiumbe chochote. Nyusi zinaonekana juu ya nywele za mbele, kana kwamba nywele ni kioo. Nywele zenyewe zinapaa bila uzito.

Mchongaji ana uso mmoja tu, na lazima uso huo ukubalike kutoka pande zote. Anasukuma mashavu mbele kidogo, anapunguza kidevu, anaiacha pua kama kivimbe kinachotoa kivuli chembamba, na anachagua pembe moja ambayo mhusika atakuwa “mwenyewe” hasa. Ndiyo maana sanamu nyingi zina upande wa kutazamiwa, na kitako chake hukuonyesha upande huo. Zamani kazi hii ilifanywa kwa udongo maalumu na visu. Siku hizi wengi huchonga kwenye kompyuta kisha wakachapisha kwa printa ya 3D. Uamuzi bado ni wa mtu. Msanii Takashi Murakami alipotengeneza sanamu yake Miss ko² mwaka 1997, kazi ya kuchonga ilipitia mikononi mwa Bome, mchongaji wa wasichana wa anime wa kampuni ya Kaiyodo ya Osaka. Murakami alijua ujuzi ule ulikuwa wapi.

Mchukue Miku wa Nendoroid uone suluhisho jingine. Vuta nywele za mbele: zinatoka peke yake. Chini yake kuna uso, kipande chembamba kama ganda, nao unatoka pia, unaweka wa kucheka au wa kukasirika. Tatizo la mdomo unaohama limekwisha, maana kila hisia ina uso wake. Mikia ya nywele ni mizito kuliko mwili mzima unavyoweza kubeba, hivyo kitako kina mkono wa kumshika mgongoni.

Na kwa kuwa nimemtaja Miku tena: si mhusika wa filamu yoyote ya anime kwa asili. Ni programu ya kompyuta ya kuimba iliyotolewa na Crypton Future Media ya Sapporo tarehe 31 Agosti 2007, ikitumia teknolojia ya Yamaha, na mchoro wake ni wa mchoraji KEI. Ile rangi ya kijani-samawati watu wanayodhani ni ya kubahatisha ilitokana na kinanda cha Yamaha DX7, na alama ya 01 mkononi mwake wa kushoto ni nambari yake katika mfululizo wa sauti za Crypton.

“Imeandikwa Made in China, basi ni feki”

Hapana. Sanamu nyingi halali za kampuni za Kijapani hutengenezwa China, hasa mkoa wa Guangdong. Mchongo na usimamizi hufanywa Japani. Kalibu za chuma, upulizaji rangi na uunganishaji hufanywa China. Good Smile ina kiwanda pia Kurayoshi, mkoa wa Tottori, Japani, lakini bidhaa ya China kutoka kampuni hiyohiyo ni halali vilevile.

Feki hujulikana kwa njia nyingine, na hapo ndipo kuujua mkono wa mchongaji kunakulipa. Aliyeghushi mara nyingi hana mchongo wa asili. Ananunua sanamu halali, anatengeneza kalibu kutoka humo, na kila nakala inapoteza makali. Angalia ncha za nywele: kwenye halali ni nyembamba, wakati mwingine za plastiki inayopitisha mwanga, kwenye feki ni butu kama vidole. Angalia ngozi: halali ina rangi iliyokolezwa kidogo kwenye magoti, viwiko na mashavu bila kung’aa, feki hung’aa kama imepakwa mafuta. Angalia jicho, kama mboni zote mbili zinatazama mahali pamoja. Angalia mshono wa plastiki pembeni mwa paja. Kisha boksi: liwe na nembo ya mtengenezaji na mstari wa hakimiliki. Sanamu isiyo na jina la kampuni popote, achana nayo.

Bei ndogo peke yake haithibitishi kitu. Japani kuna sanamu za zawadi, zile za mashine za kunyakua kwenye kumbi za michezo, zinazotolewa kwa majina kama Banpresto, SEGA na Taito. Hizo ni halali, hutengenezwa kwa gharama ndogo makusudi, na hufika kwenye maduka ya mitumba zikiwa rahisi sana. Anayeanza kukusanya namshauri aanzie hapo.

“Weka boksi, usifungue, bei itapanda”

Baadhi hupanda. Lakini kampuni hutoa toleo jipya la sanamu iliyopendwa, na siku tangazo linapotoka, bei ya mitumba huporomoka. Nenda Mandarake, duka la mitumba katika jengo la Nakano Broadway, Tokyo, utakuta kabati baada ya kabati za sanamu zilizowahi kugombewa, sasa zinauzwa chini ya bei ya awali. Boksi litunze, litasaidia ukiuza au ukihama. Mwanasesere mwenyewe mtoe nje.

Kuhusu utoto, sina mengi. Maboksi mengi yameandikwa umri wa miaka 15 na kuendelea, na Wajapani wamekuwa na wanasesere wa kutazamwa kwa vizazi: wale wa Hinamatsuri, sikukuu ya wasichana, hupangwa kwa ajili ya tarehe 3 Machi na hawachezewi. Wala si burudani ya wanaume wapweke. Wanawake ni wengi sana miongoni mwa wenye Super Dollfie, na wengi wao hushona nguo wenyewe, vifungo vya milimita chache na yote, na kuziuza kwenye maonyesho ya Volks yanayoitwa Dolls Party.

“Imeanza kunata, imeoza”

Haijaoza. PVC huchanganywa na mafuta ya kuilainisha, na baada ya muda mafuta hayo hujitokeza juu. Joto huongeza kasi, na boksi lililofungwa huzuia hewa isiyapeperushe. Kwa hiyo anayemficha mwanasesere wake ndani ya boksi miaka kadhaa kwenye joto na unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja anaharakisha kile anachokiogopa. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kwa brashi laini, umkaushe kivulini. Usitumie thina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, vitaondoka na macho.

Aliyeanza kuinama mguuni naye hutibika: chovya mguu kwenye maji ya moto yasiyochemka hadi ulainike, unyooshe taratibu, kisha uutie kwenye maji baridi ukiwa bado umeushika. Jua la dirishani ndilo lisilo na tiba. Hupausha rangi, na hugeuza resini kuwa ya manjano. Kwa Dollfie Dream kuna hatari moja zaidi ambayo wauzaji wachache huitaja: nguo nyeusi au nyekundu huacha rangi kwenye vinili, na doa hilo huingia ndani. Ifue nguo kwanza hadi maji yatoke meupe, mvalishe vazi jembamba linalobana mwili kama soksi chini yake, na usimwache ndani ya nguo nzito miezi mingi bila kumvua na kumkagua.