Wawindaji ndani ya ngozi za kulungu

Ipo picha ya mwaka 1591 inayosambazwa sana: Watimucua, wenyeji wa asili wa Florida, wamejivika ngozi za kulungu, vichwa na pembe juu, wananyemelea mawindo kando ya kijito. Wapo wanaoiamini kana kwamba imepigwa kwa kamera. Wapo wanaoicheka: mnyama gani atadanganyika hivyo? Wote wamekosea.

Tuanze na wanaoiamini. Theodor de Bry, aliyeichonga kwenye bamba la shaba huko Frankfurt, hakuwahi kukanyaga Amerika. Alidai kufuata michoro ya Mfaransa Jacques Le Moyne, aliyekuwa Florida 1564 hadi 1565, Wahispania walipoiteka ngome ya Wafaransa. Le Moyne alifariki 1588, kwa hiyo hakuwepo kumsahihisha mchongaji. Na makosa yapo: katika mfululizo huohuo wa picha Watimucua wameshika marungu ya Watupinamba wa Brazili! Kuna na mamba wanaouawa kwa gogo lililochongoka, linalosukumizwa kinywani. Wamechorwa warefu kama ngalawa, ilhali mamba wa Florida ni nadra kufika mita 5.

Wanaocheka nao wasikie haya. Mwaka 1612 Mwingereza John Smith aliandika kuhusu Virginia, mbali kaskazini na kwa watu wengine kabisa. Anaeleza mwindaji wa peke yake aliyejifunika ngozi ya kulungu, mkono mmoja ameupitisha shingoni hadi kwenye kichwa kilichojazwa, akikitikisa na kukigeuza kama mnyama aliye hai huku akisogea mti kwa mti. Miaka ya 1830 mchoraji Mmarekani George Catlin naye alichora wawindaji wa nyati wakitambaa chini ya ngozi za mbwa mwitu. Nyati walishazoea kuwaona mbwa mwitu karibu na kundi. Basi kile kinachofanana na hadithi ndicho chenye ushahidi.

Dhana nyingine ni kwamba mchoraji aliyefika mwenyewe hadanganyi. Mchoraji Mwingereza John White alifika pwani ya North Carolina ya leo mwaka 1585, na picha yake ya uvuvi ni nzuri mno: uzio wa kunasia samaki, mikuki, mtumbwi. Lakini katikati ya mtumbwi kuna moto, mchana kweupe. Aliyewahi kuona dagaa wakivuliwa kwa karabai atauliza moto wa nini saa hiyo. White amebana uvuvi wa usiku na wa mchana katika karatasi moja. De Bry alipoichonga upya 1590, moto aliuacha ukiwaka.