Refa wa FIFA ni nani hasa?

Refa wa FIFA ni refa ambaye jina lake limo kwenye orodha ya kimataifa ya FIFA ya mwaka huu, baada ya kupendekezwa na shirikisho la nchi yake. Kwetu Kenya shirikisho hilo ni FKF. Maana yenyewe haizidi hapo.

Lakini Mombasa maana hiyo imevutwa mpaka imekatika. Mechi ya mtaa Serani au Tononoka, kijana akitokea na soksi zilizopandishwa vizuri na saa kila mkono, mtangazaji keshashika kipaza sauti: "Leo tuna refa wa FIFA!" Ukidadisi, kumbe kijana alihudhuria kozi ya siku chache iliyofundishwa na wakufunzi wa FIFA. Wa pili aliwahi kuwa kwenye orodha, akatoka zamani, cheo tumemwachia sisi mashabiki. Wa tatu hata kozi hajaiona, ila huchezesha vizuri. Na timu ikifungwa, jina lilelile hugeuzwa kejeli: "FIFA gani hii?"

Kinachoniudhi zaidi ni huyo wa kozi, ingawa kosa si lake.

Kozi ni mafunzo. FIFA hutuma wakufunzi kwa mashirikisho, wengine wa sheria za mchezo na wengine wa mazoezi ya mwili, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo huwakusanya marefa vijana wanaoonyesha dalili za kufika mbali. Ukikaa ndani ya darasa lile utaona kwa nini watu hutoka wamebadilika. Mkufunzi anaonyesha kipande kifupi cha video: beki amemkata winga karibu na kibendera cha kona. Anasimamisha picha. Kila mmoja aandike majibu mawili, mchezo unaanzaje tena na kadi ni ipi. Hapo ndipo Sheria ya 12, ile ya faulo na kadi, inapowachambua watu. Je, beki alifanya uzembe tu? Ni faulo, hakuna kadi. Aliingia bila kujali hatari kwa mwenzake? Njano. Alitumia nguvu kupita kiasi? Nyekundu. Sisi wa jukwaani tuna neno moja tu, rafu, tunalipigia kelele na kukaa chini. Refa anatakiwa kuchagua kati ya hayo matatu kabla winga hajamaliza kubiringika.

Halafu kuna mbio. Jaribio la FIFA kwa refa mwanamume wa kimataifa huanza na mbio sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, na mapumziko ya dakika moja katikati. Baada ya hapo ni mita 75 kwa sekunde 15, kisha mita 25 za kutembea kwa sekunde 18, na hivyo hivyo mara 40. Zijumlishe, ni kilomita 4. Wanawake wana vipimo vyao, na wasaidizi wa pembeni wana vyao. Jaribu hayo Mombasa mwezi wa Februari saa nne asubuhi, na ule unyevu wetu, ndipo utaelewa kwa nini marefa wa Pwani hufanya mazoezi kabla jua halijachomoza.

Haya, kijana amemaliza kozi, amefaulu mbio, video amezipatia zote. Amekuwa refa wa FIFA? Bado. Orodha ina masharti yake. Refa wa kati anatakiwa awe ametimiza miaka 25, msaidizi miaka 23, na wawe wamechezesha mechi za ligi kuu ya nchi kwa angalau miaka miwili. Kwa hiyo kijana wa Likoni anayeota kufika huko hana budi kuanza mapema, apande kutoka ligi ya kaunti, daraja kwa daraja, na huko kote awe anakaguliwa. Na hata akitimiza yote, kila nchi ina nafasi zake zenye idadi maalumu. Waweza kuwa hodari na ukasubiri mpaka mtu atoke.

Nafasi yenyewe ukiipata, ni ya mwaka mmoja: huanza tarehe 1 Januari na kwisha tarehe 31 Desemba. Ni kama beji ya PSV ya dereva wa matatu, ikipitwa na tarehe yake haina kazi hata kama dereva angali anaijua barabara ya Mtwapa kwa macho ya kufumba. Ndiyo maana beji ya FIFA ile ya kifuani, upande wa kushoto, imeandikwa mwaka. Siku nyingine ukiwa karibu na mstari, itazame vizuri. Imeandikwa pia aina ya kazi, kwa sababu refa wa kati ana orodha yake, msaidizi yake, mwamuzi wa video yake, wa futsal yake, na wa soka la ufukweni yake. Wa ufukweni ni wa kimataifa kweli, hakuna wa kumnyang'anya heshima hiyo, lakini usimtarajie kupangiwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kwenye nyasi.

Na kuna wanaodhani FIFA imewaajiri. Haikuwaajiri. Peter Waweru, aliyetuwakilisha katika fainali za AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ni mhadhiri wa hisabati. Beji inasema tu kwamba mtu huyu anaweza kupangiwa mechi ya kimataifa. Kupangwa kwenyewe ni jambo jingine, na kuitwa kwenye mashindano makubwa ni jingine tena, maana CAF na FIFA huchuja upya kutoka kwa hao hao wenye beji. Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa na beji miaka mingi kabla ya Januari 2022, aliposimama katikati ya uwanja kule Yaoundé, Cameroon, Zimbabwe ikicheza na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya AFCON ya wanaume. Miaka yote ya katikati alikuwa akifunzwa, akikaguliwa, akiitwa huku na kule. Kwa hiyo hata "kufunzwa kuwa refa wa kimataifa" hakuishii kwenye beji. Sehemu ngumu pengine huanzia hapo.

Basi ndugu zangu watangazaji wa Serani, na nyinyi mliopo uwanja wa Mbaraki siku za mechi za timu ya Bandari, mkimwona kijana aliyetoka kozini mwiteni hivyo: refa aliyepitia mafunzo ya FIFA. Ni sifa nzuri, na ni ya kweli. Aliyetoka kwenye orodha mwiteni refa wa FIFA wa zamani, hatakasirika. Na mkiwa na shaka, mwulizeni mwenyewe baada ya mechi. Marefa wengi niliowasikia wakiulizwa hujibu kwa upole kuliko sisi tunavyowauliza.