John Hart: mkulima wa Hopewell na kisa alichozushiwa

Julai ikikaribia, simulizi moja huanza kuzunguka mtandaoni kuhusu masaibu ya wale waliotia sahihi Azimio la Uhuru la Marekani, hati ya Julai 1776 iliyotangaza kwamba makoloni ya huko si ya Uingereza tena. Kisa cha John Hart ndicho kinacholiza watu. Eti Waingereza walimfukuza kando ya kitanda cha mkewe aliyekuwa anakata roho, watoto wake 13 wakatawanyika, yeye akaishi mapangoni zaidi ya mwaka, na aliporudi akakuta mke kafa, watoto hawajulikani waliko, naye akafa kwa simanzi baada ya wiki chache. Mimi husomesha historia ya Mapinduzi ya Marekani, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: ni kweli?

Sehemu ni kweli, na sehemu hiyo ndiyo wasimuliaji wanaipitia mbio.

Hart aliishi Hopewell, katika koloni la New Jersey. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, lakini msidhani ni mkulima wa jembe moja na kibanda. Kufikia miaka ya 1770 alikuwa na ekari zipatazo 600 pamoja na vinu vya kusaga nafaka, na pale kijijini hakuna aliyemzidi kwa ardhi. Alikuwa na watumwa pia. Hili nalitaja mapema kwa sababu simulizi za kishujaa hulifichaficha: mtu aliyetia sahihi maneno kwamba binadamu wote wameumbwa sawa alikuwa analimiwa na watu aliowamiliki. Mwaka 1747 aliwapa Wabaptisti kiwanja cha kujengea kanisa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mpresbiteri. Ukichanganya ardhi, vinu na heshima ya namna hiyo, unaelewa kwa nini majirani walimpeleka kwenye Baraza la koloni mwaka 1761, akakaa humo miaka kumi. Alikuwa hakimu vilevile.

Siasa zake zilianzia mfukoni, nami sioni aibu yoyote katika hilo. Serikali ya mfalme ilitaka makoloni yalipie matunzo ya askari wa Kiingereza waliowekwa humo, na Hart alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokataa kupitisha fedha hizo. Mkulima anajua kodi inatoka wapi.

Mambo yalikaza mwaka 1776. Gavana wa New Jersey alikuwa William Franklin, mtoto wa mwanamapinduzi mashuhuri Benjamin Franklin, lakini yeye alishika upande wa mfalme. Mwezi Juni Bunge la Mpito la wanamapinduzi likaamuru akamatwe. Wajumbe wake waliokuwa Philadelphia, kwenye Kongresi ya makoloni yote, walikuwa wakisitasita kuhusu uhuru, kwa hiyo tarehe 22 Juni likateua wapya watano: Richard Stockton, John Witherspoon, Francis Hopkinson, Abraham Clark na Hart. Wanasheria wamo, mkuu wa chuo yumo, na huyu mzee wa zaidi ya miaka 60 aliyezoea ng'ombe na ngano. Benjamin Rush, daktari aliyetia sahihi pamoja naye, alimweleza kuwa mkulima mnyoofu na mwaminifu, mwenye elimu kidogo na akili timamu. Mwezi Agosti Baraza jipya la New Jersey likamchagua kuwa Spika.

Sasa tuje kwenye tarehe. Deborah, mkewe, alifariki 8 Oktoba 1776. Jeshi la Uingereza liliingia New Jersey baada ya katikati ya Novemba. Kwa hiyo hakuna askari aliyemwondoa Hart kitandani kwa mgonjwa, alikwisha mzika. Watoto nao wengi walikuwa watu wazima, wenye nyumba zao.

Kukimbia, kweli alikimbia. Mwezi Desemba Waingereza na askari wa kukodiwa kutoka Hesse, Ujerumani, walifika hadi mitaa ya kwao, shamba lake likaporwa, naye akajificha kwenye milima ya Sourland, kaskazini ya Hopewell. Lakini alikaa huko kwa wiki chache tu. Asubuhi ya 26 Desemba George Washington, kamanda wa jeshi la wanamapinduzi, aliwashambulia Wahesse mjini Trenton, kisha 3 Januari 1777 akashinda Princeton, na Waingereza wakarudi nyuma. Hart akarudi shambani.

Kwangu mimi uzito wa kisa chake uko kwenye jambo ambalo simulizi hailigusi kabisa. Mwishoni mwa Novemba 1776 Jenerali Howe, mkuu wa jeshi la Uingereza, alitangaza msamaha kwa yeyote atakayeapa utii kwa mfalme ndani ya siku 60. Maelfu wa New Jersey waliapa, na siwalaumu: jeshi la Washington lilikuwa linakimbia, na baridi imeshaingia. Hart alikuwa mjane, mzee, mwenye mali ya kupoteza, na jina lake liko kwenye karatasi iliyohesabiwa kuwa uhaini. Hakuapa.

Aliendelea na uspika hadi 1778. Juni ya mwaka huo jeshi la Washington, watu wapatao 12,000, lilipiga kambi Hopewell, na shamba la Hart likawa sehemu ya kambi hiyo, siku chache kabla ya kupigana na Waingereza huko Monmouth. Wanajeshi wengi kiasi hicho juu ya mazao ya Juni! Hata hivyo ndio waliokuwa wageni wake, si adui.

Kilichomuua ni mawe kwenye figo, tarehe 11 Mei 1779, zaidi ya miaka miwili tangu arudi kutoka milimani. Aliacha madeni, na sehemu kubwa ya ardhi yake iliuzwa. Mwaka 1865 mabaki yake yalihamishiwa kwenye makaburi ya kanisa lile lile la Wabaptisti aliowapa kiwanja, na jimbo likamjengea mnara. Ukifika hapo utakuta umeandikwa kwamba alikufa 1780. Usinakili.