Mtoto wa jicho hahitaji kusubiriwa akomae

Timu za macho zinapofika vijijini Kabare na Walungu, nje ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, bado husikika kwamba mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, hapasuliwi mpaka akomae na jicho lizime kabisa. Zamani ushauri huo ulikuwa na msingi, kwa sababu madaktari walitoa lenzi nzima na mgonjwa akabaki na miwani mizito. Tangu daktari wa macho Mwingereza Harold Ridley alipopandikiza lenzi bandia mjini London mwaka 1949, na hasa ulipoenea upasuaji wa tundu dogo lisiloshonwa, mgonjwa huweza kupasuliwa mara ukungu unapomzuia kuchagua maharagwe au kutambua noti. Hatari, kusema kweli, imo katika kungoja: lenzi iliyokomaa mno huweza kuvimba, ikapandisha shinikizo ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuonea, ambao hakuna upasuaji unaoufufua.