"Realise" si kupata habari

"The manager told me yesterday, and that is how I realised the office is moving." Sentensi za namna hii nimezisoma mara nyingi mno, tena kwa watu ambao Kiingereza chao hakina kasoro kwingineko. Lakini huyu aliambiwa. Habari ilitoka kinywani mwa meneja ikaingia masikioni mwake, na kwa hilo Kiingereza kina "find out", au "learn" ukitaka lugha rasmi zaidi. "Realise" ni pale akili yako yenyewe inapong'amua jambo ambalo dalili zake ulikuwa nazo tayari, au inapouhisi uzito wa jambo ulilolijua siku zote.

Asili ya neno inaeleza kwa nini. Limetokana na "real", yaani halisi, likaingia Kiingereza katika karne ya 17 kutoka Kifaransa "réaliser", kukifanya kitu kiwe halisi. Maana hiyo ingali hai: mtu anayetimiza ndoto yake "realises" ndoto hiyo, na wahasibu hulitumia kwa mali iliyouzwa ikageuka fedha taslimu. Angalia kwamba ndoto ilikuwepo kabla ya kutimia, na mali ilikuwepo kabla ya kuuzwa. Maana ya akilini ilifuata katika karne ya 18, nayo ilirithi sharti hilohilo: kitu kiwepo kwanza, ndipo kiwe halisi kwako. (Wafaransa wenyewe, waliolitoa neno, baadaye waliikopa maana hii mpya kutoka Kiingereza, na wapo wanaoikataa mpaka leo.)

Hata nahau zake zinashika mkondo huo. "The penny dropped" inachora sarafu iliyokwama ndani ya mashine. Ilishatumbukizwa, ila haijaanguka mahali pake. Ikianguka, mashine inafanya kazi. Hakuna aliyekuletea sarafu nyingine. "It dawned on me" nayo ni kupambazuka: kulipokuwa giza vitu vilikuwepo, macho ndiyo hayakuviona. Tofauti ni mwendo tu, kwani mapambazuko huja polepole, na sarafu huanguka ghafla.

Kati ya maneno jirani ya "realise", "notice" halina ugumu, ni kazi ya macho na masikio. "Recognise" ni kumtambua uliyemfahamu kabla, kwa hiyo usiandike "I realised him in the crowd".

Chanzo cha mkanganyiko, kwa maoni yangu, kiko katika Kiswahili chetu, wala si kosa la Kiswahili. Kitenzi "kujua" kinabeba mawili, kuwa na habari na kuipata, na kazi ya kuyatenganisha tumeiachia njeo, yaani wakati wa kitenzi. "Najua" ni hali. "Nimejua leo" ni tukio. "Nilijua" inaweza kuwa lolote kati ya hayo, na msikilizaji huamua kwa muktadha bila taabu. Kiingereza kinatenganisha kwa kubadilisha kitenzi: "know" ni hali peke yake, na tukio la kupata habari linahitaji neno lake. Ndiyo maana "I have known today" haisimami, hata kama kila neno ndani yake ni sahihi. Asiyelipata neno hilo la tukio huangukia "know", au "realise".

Mara nyingi kosa hili halidhuru. Lakini fikiria mtu anayeomba radhi kwa kutohudhuria mazishi yaliyofanyika jana asubuhi, ilhali yeye alipata habari jioni. Kichwani ana "nilijua jana", anaandika "I knew about the funeral yesterday". Mfiwa anayesoma Kiingereza anaelewa kwamba siku ya mazishi mwenzake alikuwa na habari, na bado hakuja. Aandike "I only found out yesterday evening".